Jani la Ndizi na Ndege ya Dammam

Niseme mwenyewe kabla sijasemewa: mimi ndiye niliyekuwa nikibadilisha lile jani. Na mara ya kwanza nilitoka chumbani nikijichekea.

Cucu, mama yake mama yangu, alifunga miraa hapa Laare tangu akiwa msichana, na kwake dunia haikupimwa kwa kilomita. Miraa iliyofungwa kwa jani la ndizi ikifika mahali kabla jani halijanyauka, hapo ni karibu. Jani likinyauka njiani, hapo ni mbali, usipeleke mtoto.

Dada yangu alipelekwa. Alienda Dammam, Uarabuni, kufanya kazi za nyumba. Cucu alipoanza kuvimba miguu na kuhema, dada akaomba ruhusa ya kuja nyumbani, akapewa.

"Huko ni mbali aje?" Cucu akaniuliza.

Nikaandika viwanja viwili vya ndege kwenye simu, Dammam na Nairobi. Ikachora mstari ulionyooka kama rula, ikasema ni mwendo wa saa tano hivi.

"Saa tano tu, Cucu! Si wewe hukaa zaidi ya hapo kanisani?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nikakata kipande cha jani la ndizi, nikamwekea kitandani kando ya mto. "Hili halinyauki kabla hajaingia huo mlango."

Mama alitaka kumpeleka hospitali Meru siku hiyohiyo. Cucu akakataa katakata. "Mtoto atoke ng'ambo akute kitanda kitupu? Jani likinyauka kabla hajafika, nipelekeni."

Sasa, simu haikusema kwamba ndege ya tikiti rahisi haifuati rula. Ilipitia uwanja mwingine, na huko dada akaachwa na ndege ya pili, akalala sakafuni akingoja nafasi. Alinitumia ujumbe. Mimi nikamwambia Mama kwamba dada yuko njiani.

Jani lilikuwa limeanza kujikunja. Cucu alikuwa amesinzia. Nikakimbia nyuma ya choo, nikakata lingine la ukubwa uleule. Jioni tena. Asubuhi tena. Kucheka kulikuwa kumeniisha, lakini ningeachaje? Jani moja likauke, wote wajue nilidanganya.

Kila Mama akisema "Mama, twende," Cucu alilipapasa kwa vidole vyake vya kufunga miraa.

"Bado ni bichi. Amekaribia."

Alikufa mchana huo, jani mkononi, la kijani kabisa. Dada alikuwa bado angani.

Mama alimtoa lile jani vidoleni taratibu. Lilikuwa bado linatoa utomvu. Akaliangalia, kisha akaangalia shati langu la shule. Utomvu wa ndizi hautoki kwa sabuni yoyote. Mkono mzima wa shati ulikuwa na madoa ya kahawia. Nikangoja kofi. Nililitaka hilo kofi.

Akasema, "Nenda steji ya matatu umngoje dadako. Akiuliza Cucu yuko wapi, mwambie wewe. Wewe ndiye unajua masaa."