Mkaguzi wa Bima Hakuja

Majina ya watu hayanipotei, kwa hiyo wote niliowagombeza nawataja.

Gari la binti yangu Rehema, analobebea nyanya kupeleka Mikumi, liligonga ngiri huko mbugani, likabondeka mbele. Fundi Hamisi akasema haligusi mpaka mkaguzi wa bima alione. Likakaa uani kwangu Kilosa wiki tatu nzima, nyanya za mwanangu zinaoza shambani.

Juzi nikatoka jikoni nikamkuta kijana amechuchumaa mbele ya gari, anapapasa taa. Hakuniamkia. Na mvi zangu zote hizi, mtu aingie uani kwangu bila shikamoo? Nikajua ni mwizi wa vipuri. Nilimkimbiza na mwiko wa ugali wa moto mpaka barabarani, akaacha kiatu kimoja.

Kesho yake nikaenda ofisi ya bima nimefura. Karani, Joyce, akaniamkia vizuri.

“Marahaba. Mkaguzi wenu mvivu,” nikamwambia. “Wezi wanafika kwangu kabla yake. Jana nimemfukuza mmoja mwenyewe, na mwiko.”

Joyce akaacha kuandika. “Aliacha kitu, bibi?”

“Kiatu. Cha kahawia.”

Akatazama mlango wa ndani. Pale alisimama kijana amevaa suruali iliyopigwa pasi na kandambili, ameshika kitasa, hasogei.

“Shikamoo, bibi,” akasema. “Naitwa Elia. Mimi ndiye mkaguzi.”

“Marahaba,” nikamwambia. “Kiatu chako kiko kwangu, njoo ukichukue na gari ulione.”