Ndara za Muuza Pizza

Usiku kucha kichochoro chetu hapa Napoli hakikulala. Tulikaa madirishani kungojea habari za muuza pizza za kukaanga, aliyepelekwa hospitali jana jioni akiwa ameshika kifua. Ni mama mwenye sauti ya kukwaruza, mikono yenye alama za mafuta na ndara zisizofanana, moja nyekundu, moja ya buluu. Huwafokea wageni wanaotembelea mji: "Kunja, mwanangu, ule ukitembea! Hapa si harusini!" Jana mchana walikuja marafiki wanne na ramani yao. Watatu wakaagiza, msichana wa nne akasema ameshiba, huku macho yake yakifuata kila tonge la wenzake. Mama akatandaza donge jingine la unga, nikamwona akilitoboa makusudi kwa kidole kabla ya kulikaanga. "Ona, imetoboka! Nani atainunua hii? Kula wewe, unisaidie." Msichana akala mpaka akalamba vidole.

Asubuhi hii wale wanne wamerudi, wakaukuta mlango wa chuma wa duka lake, ule wa kuviringisha juu, umefungwa. "Mama yuko wapi?" msichana akaniuliza. Nilianza kumweleza habari za hospitali, mara mlango ukainuliwa kidogo kutoka ndani, kumbe mtu alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, nikaziona chini yake ndara miguuni, nyekundu na buluu.