Mluzi Katika Nyaya za Kaka

Kaka yangu walimwita Sikio tangu alipokuwa kijana wa kwaya. Watu arobaini wakiimba pamoja, yeye aliinua kidole na kumwonyesha aliyetoka nje ya sauti. Hakuwa akikosea, na ndiyo maana wenzake hawakumpenda sana. Baadaye alifungua studio yake ubavuni mwa nyumba, chumba kimoja, kuta amezibandika sponji za magodoro mabovu. Upande wa pili wa ukuta wifi yangu alikuwa na cherehani yake ya umeme. Kaka akitaka kurekodi aligonga ukuta mara mbili, na cherehani ikanyamaza.

Mimi ndiye niliyempa ile tableti. Shuleni ninakofundisha walibadilisha vifaa, nikapata moja, nikafikiri ataisomea habari. Haikupita wiki akanipigia simu.

"Mdogo wangu, hiki kidude kina vinanda hamsini ndani yake. Kuna programu humu, ukigusa kioo tu, utadhani umekaa mbele ya kinanda cha kanisa kubwa."

Wakati huo alikuwa amepata kazi ya kutengeneza muziki wa mchezo wa redio. Mtayarishaji, mama mmoja mpole, alitaka muziki wa taratibu, wenye vituo vya kimya ambamo hata pumzi inasikika. Kaka akaamua kuutengeneza wote kwenye tableti. Kilichobaki ni kuitoa sauti mle ndani na kuiingiza kwenye kompyuta ya studio bila kuiharibu.

Kwanza alipitisha waya kwenye tundu la hedifoni. Sauti ikaingia na mchakarisho wake, kama maji yanayochemka jikoni. Akaachana na njia hiyo. Akatafuta waya wa kuunganisha kwenye tundu la kuchajia, ili sauti ivuke kidijitali, ikiwa tarakimu tupu. Hapo ikaanza kukwaruza. Siku tatu nzima hakulala vizuri, mpaka alipogundua kwamba tableti na kompyuta haziendi kwa mwendo mmoja: moja inaipima sauti mara elfu arobaini na nane kwa sekunde, nyingine mara elfu arobaini na nne na mia moja. Akazilinganisha. Mikwaruzo ikaisha.

"Sasa umebaki mluzi," akaniambia.

"Mluzi gani?"

"Mwembamba, juu kabisa. Kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa."

Akabadilisha waya, kisha akabadilisha tena. Akamleta fundi umeme kuchimbia upya waya wa ardhini. Akazima friji kila anapofanya kazi, maziwa yakachacha, na wifi akasema, "Leo friji, kesho itakuwa mimi." Walicheka, lakini wifi alicheka nusu.

Mtayarishaji naye alikuwa akirudisha kazi. "Muziki ni mzuri, ila sauti za juu zinachoma. Fundi wangu amevua hedifoni." Kaka alikasirika. Alisema watu wa redio wamezoea sauti zilizofifia, hawajui kitu kinachong'aa.

Jumamosi moja mchana nilikwenda kuwasalimia. Akanikalisha kwenye kiti chake, akanivisha hedifoni, akaichezesha sehemu ya kimya.

"Unausikia?"

Sikusikia chochote. Alikuwa ameinama mbele yangu, macho mekundu, akiniangalia kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Kwenye kioo cha kompyuta mchoro wa sauti ulikuwa mstari mnyoofu kabisa.

"Kwa mbali," nikamwambia.

Alishusha pumzi. "Nilijua. Wifi yako ananiambia hakuna kitu. Hata kompyuta inaniambia hakuna kitu."

Neno langu lile lilimpa mwezi mwingine wa kufungua na kufunga nyaya.

Niliporudi mwezi uliofuata, tulikuwa watatu studioni, wifi akipima shati begani kwa kaka, umeme ukakatika. Feni ikazunguka, ikachoka, ikasimama. Kompyuta ikafa. Ilikuwa saa tisa alasiri, na mtaa mzima ulikuwa umetulia. Kaka hakusogea. Akanyoosha mkono, akachomoa waya wa tableti. Kisha akaizima na tableti yenyewe, akaiweka juu ya meza taratibu.

"Bado upo," akasema.

Akaziba masikio kwa viganja, akaviondoa.

"Umezidi." Halafu akanigeukia. "Wewe si uliniambia unausikia?"

Kesho yake tukampeleka hospitali.

Daktari wa masikio alimfungia kwenye kijumba kidogo, akampa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio. Mimi na wifi tulikuwa nje ya kioo. Milio ilipopanda juu, kidole cha kaka kilitulia. Tuliona daktari akiendelea, naye kaka akisubiri, mtiifu, kidole kiko tayari.

"Mluzi hautoki nje, unatoka humo humo masikioni mwako," daktari akamwambia. "Sauti za juu zimekwenda, na hazirudi. Ni miaka ya hedifoni."

"Tangu lini?"

"Si jambo la jana. Miaka sita, labda saba."

Njiani kaka alikuwa akihesabu kazi alizofanya katika miaka hiyo, moja moja, kwa sauti ya chini, mpaka wifi akamshika mkono akamwomba aache.

Kaka alimpelekea mtayarishaji rekodi zote kama zilivyotoka kwenye tableti, kabla hajaziongezea zile sauti za juu. Zilikuwa safi, hazina doa. Studio nyingine ikazimalizia. Mchezo uliporushwa, wifi aliwasha redio, kaka akasikiliza hadi mwisho.

"Muziki umetokaje?" akamuuliza.

"Vizuri."

"Na zile za juu?"

"Vizuri tu, mume wangu."

Akainuka, akaondoka pale. Wifi aliponisimulia alikuwa analia. Alikuwa amesema kweli, na hakuaminiwa.

Nimemwomba kaka radhi mara mbili. Zote mbili aliniambia yameisha. Nikienda kwake ananikaribisha, anauliza habari za shule, ananisindikiza hadi barabarani. Habari za muziki haniulizi, na redio ikiwa inaimba hunipa mgongo.