Nyumba Tatu Zilizowekwa Wakfu

Baba alipoona ugonjwa haumwachi, alituita sebuleni pamoja na imamu. Alikuwa na nyumba tatu za kupangisha nyuma ya soko la Kasongo, na alitaka kuziweka wakfu: zisiuzwe wala kugawanywa, pango lake limtunze mama na kusomesha wajukuu, na sehemu iende msikitini.

Kaka yangu mkubwa alikuja kwa pikipiki kutoka Wamaza, alikochimba dhahabu. Alikataa kukaa.

"Baba, mimi iko mutoto wako wa kwanza. Unanifungia mulango?"

"Ninafunga ili mutu asiuze."

Imamu akauliza kama yuko anayezidai nyumba hizo, kwa kuwa wakfu si njia ya kukimbia haki ya mtu. Baba alisema hakuna. Kaka aliinamia ufunguo wa pikipiki yake. Tulipotia sahihi, alitoka bila kuaga.

Siku chache baadaye nilikuwa kwa mpangaji mmoja nikikusanya pango, akaingia mwanaume na vijana wawili. Alikuwa mwenzake kaka huko machimboni.

"Dada, hii nyumba iko yangu. Kaka yako aliniwekea rehani."

"Aliweka kitu cha baba, na baba iko hai."

Vijana walianza kutoa vyombo nje. Mke wa mpangaji alikumbatia sufuria yake akilia. Nilisimama mlangoni mpaka mkuu wa mtaa, aliyeitwa na majirani, alipofika. Alisoma karatasi ya wakfu yenye muhuri niliyoitoa mkobani, akawaamuru warudishe vyombo.

Yule mwanaume hakupiga kelele. "Basi nitamutafuta kaka yako mwenyewe," alisema.

Simu ya kaka haikupatikana. Mama alipiga magoti kando ya kitanda cha baba.

"Uza moja tu. Watamuua mutoto wangu."

Baba aligeukia ukutani. "Si zangu tena," alisema, na mabega yake yakatikisika.

Kaka alirudi akiwa hai, kwa miguu, mdomo umevimba. Alikuwa amemwachia yule mwenzake pikipiki na shimo lake la dhahabu kulipia deni. Baba alifariki kabla ya mvua.

Nyumba zipo bado. Kodi ya serikali tunailipa. Tulidhani wakfu ingetuondolea, tukaambiwa hapana. Kaka analima mihogo njia ya Nyangwe. Fungu la pango la kusomesha watoto wake nampelekea mkewe, kwa sababu yeye hajalipokea kwa mkono wake hata mara moja.