Huu Ni Muziki wa Klabu

Kwenye kibanda chetu cha kuingiza nyimbo, hapa Ipuli mjini Tabora, hakuna mteja anayetaja muziki kwa majina ya redioni. Mtu anakuja na flashi yake, anaegemea meza, anasema, "Niwekee za kupigia pasi." Mwingine anataka za safari, mwingine za kuachwa, mwingine za kumkera mpangaji mwenzake. Dereva mmoja wa bodaboda huwa anasema, "Nipe zile ambazo abiria akipanda hawezi kukaa ametulia." Na mimi najua anataka zipi. Kidato cha nne nilitoka na matokeo ambayo nyumbani hatuyaongelei wakati wa kula, lakini hilo la kujua mtu anataka wimbo upi kabla hajamaliza kusema, hilo ninalo, na sioni aibu kujisifia.

Kwa hiyo siku nilipotengeneza wimbo wangu wa kwanza sikujiuliza ni wa aina gani. Ulikuwa wa kuruka. Basi.

Niliutengeneza hivi. Nilikwenda Ulyankulu kwa baba, nikamkuta bibi na shangazi zangu wawili wanatwanga isombe, ndivyo wanavyoita kisamvu kwa lugha yao, kinu kimoja michi mitatu. Kila mmoja anashusha wake wenzake wakiwa wameinua. Hakuna anayehesabu, ukianza kuhesabu tu, mchi wako unagongana na wa mwenzio. Na mara mojamoja mmoja anagonga ukingo wa kinu, to, wenzake wapate kuvuta pumzi. Nikaweka simu chini kwenye ungo, nikarekodi.

"Unapiga picha kelele?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Utuonyeshe tulivyotoka."

Niliporudi kibandani, bosi wangu akiwa ameenda kununua chakula, nikaikata ile sauti kwenye kompyuta, nikaipandisha kasi karibu mara mbili, nikatia besi nzito chini yake. Juu nikaweka sauti yangu mwenyewe, maneno machache ya kipuuzi kuhusu kijana aliyekuja kuposa na viatu vya kuazima. Bosi aliporudi alisimama mlangoni na mfuko wake wa chipsi. Lilianza bega moja. Kisha kichwa. Kisha akaziweka chipsi chini ili apate nafasi.

"Nani huyu?"

"Mimi."

"Acha uongo."

"Haki ya Mungu, kaka."

"Peleka redioni kabla sijakuibia."

Redio yenyewe ni ndogo, iko hapa mjini, ila inasikika mpaka kwa baba. Jioni ina kipindi cha muziki wa klabu: singeli, amapiano, na zile nyimbo za kompyuta tupu kutoka Ulaya. Mtangazaji wake ni kijana Mzaramo aliyehamia kutoka Dar, mcheshi, na nusu ya vijana wa mji wanaiga anavyoongea. Mimi pia nilikuwa naiga. Alinipokea vizuri, akachomeka flashi yangu, akasikiliza amefumba macho huku anagonga meza kwa kalamu.

"Dada, hii ni moto. Wewe wa wapi?"

"Naishi Ipuli. Mama yangu ni Mnyamwezi wa Goweko, baba ni wa Ulyankulu."

Akafumbua macho. "Ulyankulu kwa Warundi?"

"Ulyankulu kwa baba."

"Aa, ndiyo maana nasikia ngoma zao humu. Basi hii inakwenda kwenye asili." Akauburuta wimbo wangu mpaka kwenye folda ya Asili na Utamaduni, kipindi cha Jumapili alfajiri, nikiona. Ngoma zenyewe hazikuwemo, kulikuwa na kinu na kompyuta, lakini sikusema kitu. Nilikuwa nimefurahi kuwemo humo, popote pale. Nikampigia baba: Jumapili alfajiri, washa redio.

Baba akaita majirani. Wakaja kabla ya misa, wakapewa chai. Wimbo ukapigwa baada ya matangazo ya vifo na kabla ya ushauri kwa wakulima wa tumbaku, na msomaji wa zamu akautambulisha hivi: sasa tuburudike na ngoma ya asili ya ndugu zetu wakimbizi wa Ulyankulu.

Ni kweli babu na bibi walikimbia vita Burundi. Walifika wakapewa pori, wakaligeuza shamba. Lakini baba alizaliwa hapa. Uraia anao, karatasi yake iko kabatini pamoja na cheti cha ubatizo. Alinipigia mchana.

"Mama," ndivyo anavyoniita, "wimbo nimeusikia."

"Umeupenda?"

"Nimezaliwa hapa, nimebatizwa hapa, nimeoa Mnyamwezi. Leo kabla sijamaliza chai, redio imenihamisha." Akacheka, kicheko cha mtu anayekupa kiti huku yeye akibaki amesimama. "Jirani ameniuliza narudi kwetu lini. Anatania, najua."

Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia. Nilipomaliza nikanawa uso, nikarudi kumhudumia mteja wa nyimbo za kuachwa, akadhani ninamwonea huruma yeye.

Wiki hiyohiyo, jioni, tulikuwa tumewasha redio kibandani. Mtangazaji wetu akaleta wimbo wa mzungu fulani, akamsifu kuwa yuko mbele ya wakati wake, akasema huo ndio muziki wa klabu wa kimataifa. Ukaanza. Ngoma tupu. Ngoma za huku kwetu Afrika, na wanawake wanaitikia kwa mbali kwa lugha ambayo mtangazaji hakuitaja, na chini yake besi.

Bosi akapunguza sauti. "Hizi si ngoma?"

"Ni ngoma."

"Mbona hazijapelekwa alfajiri na marehemu?"

"Hizi zimevaa viatu, kaka."

Tukacheka mpaka bosi akashika meza. Lakini hasira ilikuwa imeshaingia, na haikutoka. Na mzungu yule sina ugomvi naye. Wimbo wake ni mtamu, niliwawekea watu kwenye flashi zao. Kilichonikera ni kwamba yeye katumia ngoma akaitwa mtu wa kompyuta, mimi nimetumia kompyuta nikaitwa ngoma. Tumepangwa kwa sura na kwa baba. Muziki wenyewe hakuna aliyeusikiliza.

Nikaamua ninachotaka. Wimbo ule upigwe jioni, kwenye kipindi cha klabu, uitwe muziki wa klabu, na baba ausikie mbele ya majirani walewale.

Madereva wa bodaboda ndio walioniokoa. Wote nilikuwa nimewawekea wimbo kwenye flashi zao, wakaanza kuuomba redioni kila jioni, mpaka mtangazaji akanipigia niende Ijumaa, kipindi chake, moja kwa moja hewani.

"Uje na vazi la asili, dada, tupige picha. Shanga, kaniki. Na ngoma moja."

"Ngoma sina."

"Azima."

"Nitaazima ya nani, kaka? Huku tunaazimana pasi."

Nilivaa suruali yangu ya jinzi na raba nyeupe. Nikamwambia baba awaite watu. Akasita kidogo, kisha akasema atawaita.

Sasa, kuna jambo ambalo mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa, lakini nalisema. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu wa upande wa mama walikuwa wanashuka pwani na misafara, mizigo kichwani, wanagombana na wenyeji wa kule, wanazikana, na katika kugombana na kuzikana wakabaki na ruhusa ya kutukanana milele. Mtani atakucheka msibani kwako. Atakuvua kofia aondoke nayo. Na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe, na faini utatoa.

Mtangazaji alianza kwa utani. Hakuna aliyemlazimisha.

"Wasikilizaji, leo nimeletewa mpagazi! Mpagazi, mzigo umeutua wapi?"

"Niliutua kwenu, mkaufungua kabla sijamaliza kunywa maji."

"Mnyamwezi bwana! Nazi zetu zote mlimaliza nyie."

"Tuliwalipa. Tuliwafundisha kutembea."

Akacheka kwa dhati, na mimi nikacheka. Hapo ningeweza kumsamehe kila kitu. Kisha akavuta kipaza sauti, akabadilisha sauti, ile ya kazi.

"Haya, turudi kwenye mada. Hizi ngoma za wakimbizi, huwa zinapigwa harusini au msibani?"

Nilimwona baba. Namaanisha nilimwona kabisa kule Ulyankulu, amekaa na vikombe vya watu, anatazama chini. Nikasimama. Nikamvua mtangazaji hedifoni, taratibu, kama unavyomvua mtoto kofia, nikazivaa mimi. Nikamgusa bega.

"Mtani, sogea. Kiti hiki nimekichukua."

"Dada, tuko hewani."

"Vizuri, watu wawe mashahidi."

Akasimama huku anacheka, ila kicheko kilikuwa kimekonda. "Subiri kwanza. Utani ni wa Wanyamwezi. Wewe si umesema wa Ulyankulu?"

"Uliponiita mpagazi nilikuwa wa wapi?"

Alikuwa amenifungulia utani mwenyewe, mkoa mzima unasikia, na ukishamfungulia mtu utani umekubali kwamba ana kwao. Huwezi kumfungulia kwa ajili ya nazi ukamfungia kwa ajili ya baba yake. Aliangalia mlango, akaangalia mitambo. Simu ya studio ikawaka, na kwa kuwa mwenye kiti nilikuwa mimi, nikaipokea mimi. Ilikuwa sauti ya mzee, akasema anapiga kutoka Goweko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyo Mzaramo yupo?"

"Yupo, amesimama."

"Mwambie akikataa utani aliouanza mwenyewe, atatoa mbuzi. Tena dume. Na wewe piga huo wimbo, nimeacha ng'ombe nje."

Mtangazaji akainua mikono yote miwili. "Umenikamata, mtani. Piga."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Yote ilipotea. Nikasema tu, "Wasikilizaji, huu ni muziki wa klabu. Umetengenezwa Ulyankulu na Ipuli, na watu walioko nyumbani kwao. Rukeni." Nikabonyeza. Na yule kijana, nimtendee haki, aliruka. Aliruka vizuri kuliko mimi, mikono juu, shati limetoka kwenye suruali, na nikashindwa kumchukia hata pale nilipotaka.

Kipindi kilipokwisha, mkuu wa vipindi akaniita ofisini kwake. Mama mmoja mpole, anaongea kama anakubembeleza ulale. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kiti.

"Mwanangu, umetuchangamsha sana. Nataka uwe unakuja kila Ijumaa. Tutakuwa na sehemu yako, tutaiita klabu ya asili. Mdhamini ataipenda."

"Na ule wa mzungu, mama, mtauita klabu ya asili ya Ulaya?"

"Usiwe mkali. Watu lazima waelewe wanasikiliza nini."

"Leo wameelewa."

Mtangazaji alikuwa amesimama mlangoni, anachomekea shati. "Mama, mimi naweza kuuhamishia kwenye folda yangu," akasema.

"Utauhamisha ukiambiwa." Akanigeukia. "Bila jina hilo siwezi kukuahidi kwamba wimbo wako utapigwa tena, mwanangu. Fikiria."

Jamani, mimi ni mtu wa ndoto. Nikiosha vyombo naona jukwaa, nikipanga foleni ya maji naona taa na watu wanaimba maneno yangu ya kipuuzi. Kila Ijumaa redioni! Mdomo ulitaka kusema asante.

"Basi usipigwe, mama," nikasema. "Nikija tena nitakuja kwa klabu tu. Ukiona inafaa, niite."

Akatabasamu, akasema nitarudi. Nami nikatabasamu, maana alikuwa mkubwa kwangu, nikaaga vizuri, nikatoka.

Baba alipiga nikiwa bado natembea kwa miguu kurudi Ipuli.

"Mama, umemtoa mtu kwenye kiti chake?"

"Ni mtani, baba."

"Yule jirani yangu wa maswali ameruka mpaka kandambili imekatika." "Bibi yako amewaambia wote kwamba ni yeye anayepiga."

"Si ndiye?"

"Ndiyo. Wataupiga tena?"

"Sidhani. Wanataka kwanza nikubali kuitwa asili."

"Ukasemaje?"

"Nimekataa."

Nyuma yake nilisikia watu bado wanabishana na kucheka, na mtu anamwita aje. Nikaogopa kwamba nimemnyima kitu alichokuwa amekipata dakika chache tu.

"Vizuri," akasema. "Mwingine unatengeneza lini?"

"Leo."

"Uwe na kasi kuliko huo. Wasipate hata nafasi ya kuuliza."

Nilipofika kibandani bosi alikuwa ameshashusha nusu ya mlango. Nikainama nikapita chini yake, nikamwambia asizime kompyuta.