Majina Yetu Saba kwenye Ukuta wa Stade ya Baraka

Bakubwa wa humu ndani, jambo yenu.

Mi ni mama muzee wa Baraka, huku Congo kando ya ziwa, nilisoma mpaka ya tatu primaire tu, musinichekelee maandishi. Haya niliyaona na macho yangu, sikuambiwa na mutu.

Tulipotoka ukimbizini Tanzania, kiwanja cha club yetu kilikuwa majani mpaka kifuani. Bijana bengi walikuwa hawajavuka ziwa bado. Ni siye bamama tulifanya salongo, kazi ya pamoja, na majembe, na mabeseni ya muchanga wa ziwa kichwani.

Saba. Mama Apendeki, Mama Zaituni, Mama Asende, Mama Bitondo, Mama Mwajuma, Mama Sifa, na miye Mama Riziki. Leo tumebaki wawili, mi na Apendeki, na yeye macho hayaoni tena.

Chokaa hatukuwa nayo. Match ya kwanza, na watu wa Mboko, Mama Sifa akachora mistari na unga wa mihogo. Mbuzi wakaingia wakalamba corner mbili na alama ya penalty. Arbitre hajui mpira umetoka ao haujatoka. Watu wa Mboko wanatucheka mpaka leo. Toka pale tukatumia majivu ya jikoni.

Sasa comité imejenga ukuta, imeandika "Waliojenga Stade". Majina kumi. Banaume kumi.

Nikaenda kwa président wa comité, nikamukuta amekaa na wenzake. Nikamuuliza bamama wako wapi.

Akaniita bibi, polepole, kama anabembeleza mutoto: "Koko, leta document."

Nikamwambia: "Jina la baba yako ni la pili pale. Ule wakati baba yako alikuwa Kigoma, anauza vitenge. Mama yako Sifa ndiye alichora mistari, mbuzi ikakula. Leta wewe document."

Wenzake wakaangalia chini. Mumoja akakohoa asicheke.

Nikatoka, nikachukua kala moja la mkaa kwenye mbabula, jiko langu, nikaandika majina saba chini ya yale yao. Herufi zimepinda lakini zinasomeka. Nikapita kwa Apendeki kumwambia. Alilia.

Kesho yake wakapaka rangi. Majina sita yamekwisha. La Sifa wakalizunguka na brosi, wakaliacha.

Kumbe président alijua. Document hakuwa anaihitaji.

Hapo ndipo hasira haijanitoka. Na Apendeki kila nikipita ananiuliza, "Jina langu lingali pale?" Namwambia lingali. Mi sipendi kudanganya mutu asiyeona. Ndiyo maana kila asubuhi naanzia kwenye ukuta, na kala mukononi, kabla sijafika kwake.

Fundisho ni hili: tulilima, tukarudi kupika, tukafikiri kazi itajisema yenyewe. Kazi haina mudomo.

Wewe ambaye koko wako alibeba muchanga, kiwanja chochote, andika jina lake hapa chini. Mutu akidai wake alibeba wa Baraka, nitamuuliza beseni lake lilikuwa la rangi gani. Zote saba nazikumbuka.