Siku Niliyomaliza Dari

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Nakuru, mjukuu wangu, nikiwa nimesimama juu ya kigoda ndani ya lori, shingo inaniuma kwa kuangalia juu, napima dari. Nimeikumbuka kwa sababu wiki hii nzima nakuona ukihangaika na dari ya hiyo gari yako ya kulala. Unadhani ni nyinyi mlioanza mambo hayo? Sisi tulijenga nyumba juu ya magurudumu kabla baba yako hajazaliwa.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni. Kijana wa kwetu hakutoka nje bila kipande chake cha utambulisho, na jua likizama kafyu ilitufungia ndani kama kuku. Lakini mimi nilikuwa na kazi, tena kazi nzuri, katika gereji moja karibu na reli, chini ya Fundi Elija, seremala mzee aliyenifundisha kila nilichojua. Mzungu mmoja mkulima wa Rongai alikuwa ametuletea lori tuligeuze nyumba ya safari. Tuliweka vitanda na kabati, na katikati ya paa tukatoboa tundu la hewa lenye kifuniko. Tulicheka sana. Mtu ana nyumba ya mawe, ana vyumba asivyovilala, halafu anataka kulala garini!

Sasa, kufunga dari kuzunguka tundu la hewa kuna siri yake, na naona wewe imeanza kukutoa jasho. Paa la bati linapumua. Mchana jua la Nakuru linalitanua, usiku baridi ya mlima Menengai inalikunja. Ukiibana plaiwudi kwenye shingo ya tundu, ule ukingo wa bati unaolizunguka, itabenuka, au itapasuka. Fundi Elija alikuwa na desturi yake. Vipande viwili vya dari vilikutana katikati ya tundu, kila kimoja kikakatwa nusu duara kwa kufuata kielelezo cha karatasi ngumu, na kando ya bati ikaachwa nafasi ya kupita njiti ya kibiriti. Kisha vilishikizwa kwa skrubu chache tu vikalala hivyo usiku mzima. Asubuhi ndipo ulipokaza na kuficha ukingo kwa fremu. Alikuwa akisema dari ambayo haijalala bado ni ubao tu.

Asubuhi hiyo ninayokwambia, Kariuki, dereva wa lori la viazi la Dundori, alisimama mlangoni pa gereji. Mama yangu aliishi Dundori, katika shamba alilokuwa akilima kwa mzungu mwingine.

"Ndung'u," akaniita, "mama ako mgonjwa. Si ugonjwa wa mchezo. Amesema uje leo. Mimi narudi saa sita."

Nilishuka, nikamwendea Fundi Elija, nikamwomba ruhusa. Hakukasirika haraka, yule mzee. Hasira yake ilikuja polepole, na ndiyo maana iliuma.

"Kijana," akasema, "umekata nusu ya tundu, na nusu nyingine iko mkononi mwako. Nani atashika badala ya mkono wako? Mwenye gari anakuja kesho. Mama ana watu wa kumwangalia, hii dari haina mtu. Mwanamume haachi kazi ikining'inia."

Nitakuambia ukweli, maneno yale yalinichoma na pia yalinifurahisha. Kumbe mkono wangu ulikuwa mkono usio na mbadala! Nikarudi juu ya kigoda. Waswahili walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, mwanangu, na guu likavunjika vilevile.

Kipande cha pili kilikataa. Kiligusa shingo ya tundu upande mmoja. Nikakishusha, nikapiga tupa, nikakipandisha, kikagusa tena. Nilikuwa nimekiegemeza kwa kichwa na viganja viwili Kariuki alipopiga honi nje.

"Unapanda ama hupandi?" akapaza sauti.

Ningeweza kukiachia kile kipande kianguke. Plaiwudi ni plaiwudi. Lakini nilijibu nikiwa nimekibeba hivyo hivyo, sikugeuka hata kumtazama: "Enda tu! Mwambie nakuja kesho." Nikasikia lori likiondoka. Dakika chache baadaye kipande kikaingia mahali pake sawasawa, na Fundi Elija akanipiga bega. Kafyu ikatukuta tukifagia.

Kesho yake nilikaza skrubu, nikafunga fremu. Mzungu akaja, akafungua kifuniko, akakifunga, akasema "Mzuri," akaondoka na gari lake. Saa sita nikapanda lori la Kariuki. Njia nzima hakuniongelesha, na mimi nikajidanganya kwamba amechoka.

Dada yangu Wanjiru alinipokea uani. Wanawake walikuwa wameshaweka sufuria kubwa za chai motoni, na hapo mtu haambiwi tena. Mama alikuwa amekata roho alfajiri.

"Jana alisikia lori," Wanjiru akaniambia. Hakulia, na ingekuwa afadhali alie. "Akasema, 'Huyo ni Ndung'u, niinueni.' Tukamkalisha kitandani. Akataka kitambaa chake kizuri, tukamfunga. Akakaa hivyo akiangalia mlango. Kariuki akaingia peke yake."

"Alisema nini?"

"Kulikuwa na kitu alitaka kukuambia. Sisi alikataa kutuambia."

Mpaka leo sikijui. Nimezeeka na meno yameniisha, nimezika wengi, na bado naweza kukaa kwenye kiti hiki nikajaribu kukisia lile neno, nisilipate. Watu husema machungu huisha. Haya yangu hayajaisha, na sidhani yataisha.

Niliporudi kazini Fundi Elija alivua kofia. "Nilikukemea vibaya," akasema. "Nilijali dari." Alikuwa mzee mwema, na wema wake haukunisaidia chochote. Nilifanya naye kazi miaka mingine, na kila tulipofunga dari hatukutazamana.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Heshimu wakubwa, jifunze kazi yao, kamilisha unachoanza. Lakini mkubwa akikukataza kwenda kwa mtu anayekuita, jua kwamba yeye hajui anayekuita ni nani kwako. Wewe unajua. Ubao ukiharibika utakatwa mwingine, na atakayekugombeza atanyamaza siku moja. Mtu aliyeinuliwa kitandani akungoje hangoji mara ya pili. Usiseme "kesho" kwa mzazi mgonjwa, hata kama anayekuzuia ni mimi.

Mungu akubarikie mikono yako, akupe kazi na watu wa kukusifu, na akufanye mtu wa kufika. Mama yako amenipigia simu asubuhi kutoka hospitali alikolazwa, sauti yake sikuipenda. Anasema wewe hushiki simu. Weka chini huo msumeno, uende sasa hivi. Hicho kipande nitakishika mimi.